Wagonjwa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa kliniki ya presha amenipa daftari hili pamoja na masharti yake. Kila jioni niandike kama nimemeza dawa, nimelala vipi, na mchana nimefanya kazi gani. Nikamwambia kazi yangu ni moja tu kwa miaka kumi na tisa, kupogoa nyanya, atasoma mpaka achoke. Akasema wewe andika, kuchoka niachie mimi.

Haya. Dawa nimemeza. Usingizi wa kuokoteza. Leo banda la kwanza la wavu, mistari yote kumi na minane, mimi na kisu changu. Vichipukizi vya pembeni vimejaa kwa sababu ya mvua. Magoti yanauma.

Jumanne, 4 Machi

Dawa. Banda la tatu. Magoti.

Jumatano, 5 Machi

Dawa nimemeza asubuhi badala ya jioni, sijui kama inahesabika. Leo banda la nne. La pili si langu, ni la mwenzangu tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Anang'oa vichipukizi kwa kucha, kimoja kimoja, huku anahadithia harusi ya mtu nisiyemjua. Mimi nimemaliza mabanda matatu, yeye bado yumo kwenye lake moja. Meneja amesimama mbele ya watu akasema wote wafanye kazi kama Fundi. Fundi ndiye mimi. Nilijisikia vizuri, nakiri.

Ijumaa, 7 Machi

Ndoo za dawa ya klorini zimeondolewa milangoni leo, zimerudishwa stoo. Zamani ilikuwa ukitoka mstari mmoja kwenda mwingine unachovya kisu, unahesabu mpaka sitini. Hebu piga hesabu hiyo kwa mistari kumi na minane. Na dawa yenyewe inakula makali ya kisu, inachubua vidole. Ni mimi niliyemwambia Meneja. Nilisema, bosi, mbegu ya msimu huu umetuambia haipatwi na ugonjwa wa mnyauko, sasa ndoo ya nini? Akafikiri kidogo, akasema kweli, asiyeumwa hapewi dawa. Kazi imekwenda mbio mpaka saa nane nilikuwa nimekaa.

Dawa yangu mimi nimemeza.

Jumatatu, 10 Machi

Banda la kwanza. Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Dawa nimemeza. Usingizi mbaya, shemeji amekohoa mpaka alfajiri upande wa pili wa ukuta.

Muuguzi, kwa kuwa unasoma, huyu shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuja kwenye mazishi miaka sita iliyopita akasema atabaki kidogo kunitazama. Mpaka leo anakaa chumba cha uani na anayetazamwa ni yeye. Nilimtafutia kazi shambani kwetu, anamwagilia mabanda yote manne. Kazi yake ni kufungua koki, kufunga koki, na kukagua mipira ya matone isizibe. Anaifanya kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni asiyetaka aondoke.

Leo saa saba mchana nimeona miche mitano imelegea banda la tatu, karibu na mlango. Majani yameanguka upande mmoja, upande wa pili mzima. Nikamwita.

"Shemeji, hii miche ina kiu."

"Haina kiu. Tia kidole kwenye udongo."

"Sina haja ya kutia kidole, macho ninayo."

Nikatia kidole. Udongo ulikuwa umelowa. Lakini mtu akiona bosi wake wa nyumbani amekasirika si atamwaga maji haraka haraka kabla hajaitwa? Jioni nilipita tena, miche yote imesimama wima kama si yenyewe. Basi ni maji tu.

Alhamisi, 20 Machi

Mchana imelegea tena. Jioni imeinuka. Dawa.

Jumatatu, 24 Machi

Wamefika tisa. Nasema wamefika maana nimeshaanza kuwaona kama wagonjwa wodini. Mnyauko ninaoujua mimi, ule wa zamani, unaua mche kwa siku tatu, hauendi na kurudi. Huu si ule. Huu ni udhaifu tu wa kukosa maji ya kutosha kwenye mizizi.

Nimeamua hivi. Kila asubuhi kabla ya kazi nyingine naanza na hao. Nawapunguzia mzigo, nakata majani yaliyolegea na vichipukizi vyote ili maji kidogo wanayopata yapande juu. Wagonjwa kwanza, wazima baadaye, ndivyo hata nyie mnavyofanya kliniki. Nimewahudumia wote tisa, nikafuta kisu kwenye aproni, nikaenda banda la kwanza nikaanza mstari wa kwanza kama kawaida.

Dawa nimemeza. Nimelala vizuri, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 26 Machi

Wagonjwa wa banda la tatu kwanza, kisha banda la nne, kuanzia mstari wa kwanza. Meneja kapita akaniona nimepiga magoti kwa wagonjwa, akasema mama, wewe una huruma mpaka kwa majani.

Jumatatu, 31 Machi

Wagonjwa kumi na wanne. Kisha banda la kwanza. Mvua imenyesha kutwa na bado watu wanalegea kwa kiu! Nimemwambia shemeji anaitia aibu familia. Akaninyooshea mpira wa matone, maji yakidondoka tone tone mbele ya macho yangu. Nikamwambia sasa hivi yanadondoka kwa sababu nipo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mmoja amekufa moja kwa moja. Mkavu juu, udongo wa chini unabubujika maji. Sijawahi kuona mtu anakufa kwa kiu akiwa amesimama mtoni.

Dawa nimesahau. Nimemeza sasa naandika.

Jumatatu, 7 Aprili

Banda la kwanza limeingia. Mstari wa kwanza miche sita, wa pili minne, wa tatu miwili, kuanzia wa nne hakuna. Nilisimama pale nikahisi presha inapanda, mtaona mkipima. Mchana nimekula kidogo.

Jumatano, 9 Aprili

Banda la nne nalo. Mstari wa kwanza, wa pili. Nimechoka kuandika mistari.

Shemeji alikuja akasimama nyuma yangu nikiwa nahudumia wagonjwa. Kwanza akakaa kimya, ndivyo anavyoanza kusema. Halafu:

"Shemeji, mbona wanaugua njia unayopita wewe? Unapoanzia ndipo wanapoanzia."

Nikageuka nikamwambia, "Na wewe mbona unapopita maji hayafiki? Kaka yako alikuwa mtu wa kazi. Sijui wewe alikuokota wapi."

Akaokota mpira wake akaondoka. Hata kugombana anaona uvivu.

Dawa. Usingizi hakuna.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Meneja. Sikutumwa. Nilisema mabanda yananyauka kwa sababu mwagiliaji hamwagilii, anakaa nyuma ya tangi anakohoa. Nilisema nimevumilia kwa ajili ya undugu ila nyanya hazijui undugu. Meneja akatikisa kichwa akasema, kikulacho ki nguoni mwako, mama. Akanishukuru.

Nilipotoka nikajisikia mwepesi, kisha nilipofika getini nikajisikia mzito. Ni uchovu.

Jumatatu, 14 Aprili

Wagonjwa. Banda la kwanza. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Shemeji ameachishwa kazi. Barua inasema uzembe. Hakuna shamba litakalomchukua mwagiliaji mwenye barua ya uzembe, hilo analijua kila mtu hapa, na kuishi bila kazi kwenye chumba cha uani cha mjane wa kaka yake hataweza, hilo nalijua mimi.

Alirudi nyumbani mapema kuliko mimi. Nilimkuta ameshafagia uwanja. Barua imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa shati, kona moja inachungulia. Sikuuliza, na yeye hakusema. Alichosema ni kwamba koki ya jikoni kwangu inavuja, kesho ataibadilisha mpira.

Dawa nimemeza mbili kwa makosa.

Jumamosi, 19 Aprili

Koki haivuji tena.

Jumanne, 22 Aprili

Mwagiliaji mpya ana nguvu, anakimbia na maji anamwaga mpaka njia za katikati zimekuwa tope. Na bado wananyauka. Wamezidi. Banda la tatu nusu nzima imelala. Redio ameniuliza kwa sauti ya chini, jambo ambalo halijawahi kutokea, "Dada, kama ilikuwa maji, mbona maji yapo?" Nikamwambia afanye kazi yake. Banda lake halina mgonjwa hata mmoja. Nilidhani anaficha, nikaenda kutazama mwenyewe mstari kwa mstari. Hata mmoja.

Alhamisi, 24 Aprili

Meneja kamwita daktari wa mimea kutoka kituo cha utafiti. Ni binti mdogo, umri wa mwanangu, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Kabla hajaingia mlangoni alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, akauliza, "Ndoo ya kuchovya iko wapi?" Meneja akatazama juu. Mimi nikatazama chini.

Alikata shina la mgonjwa karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole. Akaomba glasi ya maji safi. Nikamletea ile ya ofisini. Akaning'iniza kipande kile ndani ya maji, ncha moja imezama, akasema tusubiri, tusitikise meza. Tukasimama watu wanne tunatazama glasi. Hazikupita dakika tatu, uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, kama maziwa. Ukafika chini ukatanda. Ukafuata wa pili.

"Hao ndio wenyewe," akasema. "Bakteria. Kila uzi huo ni mamilioni."

Nikamwambia, "Lakini mnyauko hauko hivi, binti yangu. Mnyauko unaua siku tatu. Na mbegu hii haipatwi."

Hakunidharau. Akaniambia, "Mama, unaujua vizuri ule wa zamani. Na mbegu hii ule wa zamani inaujua pia, ukiingia tu inashtuka na kupigana nao. Mimi nina wasiwasi hawa ni wengine. Ukoo mmoja, lakini wapya."

"Wapya wametoka wapi? Wameumbwa jana?"

"Bakteria hawangoji kuzaa ndipo warithishane. Wakikutana wanaazimana ujuzi, kama majirani wanavyoazimana ungo. Mmoja anaokota hila mpya kwa mwingine, huku anaitupa ile alama ambayo mche ulikuwa unamtambulia. Basi anapita mlinzi amelala."

Akachora kwenye karatasi. Wanaingia penye jeraha, hata dogo. Wanafika kwenye mirija inayopandisha maji. Humo hawafanyi fujo mara moja, wanakaa kimya wanaongezeka, na wana namna ya kujua wamefika wangapi. Wakiwa wachache mche hauoni kitu, unaonekana mzima kabisa kwa wiki mbili. Wakitimia wanatoa ute, ute unaziba mirija. Mche unakufa kwa kiu maji yakiwa miguuni.

Maneno yale yale niliyoandika mimi tarehe nne. Nimerudi kuangalia.

Dawa nimemeza.

Jumatatu, 28 Aprili

Amri ya daktari mpaka majibu yatoke: hakuna kupogoa. Nimekaa. Sijui kukaa.

Jumatatu, 5 Mei

Majibu yametoka. Daktari amekuja nayo mwenyewe. Ni kabila jipya la bakteria wale, halijawahi kuonekana kwenye nyanya pande hizi. Yaelekea lilikuja ndani ya miche michache iliyoonekana mizima, lakini hataapa, anasema mara nyingi mlango wa kwanza haujulikani kamwe. Akatukusanya ofisini, Meneja, Redio, mimi na wavunaji wawili.

"Sitafuti wa kumfunga," akasema. "Natafuta njia waliyopita. Nikiijua njia, najua mashamba mengine yafanye nini. Maji tangi ni moja kwa mabanda yote manne, na banda la pili ni zima. Kwa hiyo maji nayaondoa. Nani anapogoa wapi, na kwa mpangilio gani?"

Maji nayaondoa. Alisema hivyo tu, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Barua ya shemeji ilikuwa inahusu maji hayo hayo.

Meneja akajibu upesi, "Wanapogoa kawaida tu. Daftari la ofisi linaandika saa na uzito wa mavuno, mpangilio haliandiki."

"Visu vinachovywa?"

"Taratibu zetu zinasema hivyo."

Daktari akanitazama mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mama?"

Nikasema sikumbuki vizuri.

Miaka kumi na tisa naweza kukuambia nilianzia mche gani. Sikumbuki vizuri!

Jumanne, 6 Mei

Dawa.

Jumatano, 7 Mei

Dawa. Shemeji amefunga mzigo wake, begi moja. Ana ndugu wa mbali anayechoma mkaa, atakwenda kumsaidia Jumapili. Na kifua kile. Nikamwambia moshi utamuua. Akasema, "Shemeji, nitakula wapi?"

Alhamisi, 8 Mei

Nimekaa kitandani mchana kutwa na daftari hili. Nimelisoma tangu mwanzo kama vile limeandikwa na mtu mwingine, na huyo mtu sikumpenda.

Tarehe 24 Machi, wagonjwa wa banda la tatu kwanza, kisha banda la kwanza kuanzia mstari wa kwanza. Siku kumi na nne baadaye, banda la kwanza, mstari wa kwanza sita, wa pili minne, wa tatu miwili. Kisu kilikuwa kinajisafisha kwa kuwakata wazima. Tarehe 26, wagonjwa kwanza, kisha banda la nne. Tarehe 9 Aprili, banda la nne. Na banda la Redio, ambaye hakuwahi kumgusa mgonjwa hata kwa ukucha, halina kitu.

Nilikuwa nawachanja. Kila asubuhi nilikuwa napiga magoti pale kwa huruma, nachovya kisu kwa wagonjwa, natoka na ugonjwa kwenye makali, nakwenda kuwachanja wazima mmoja baada ya mwingine. Kwa haraka yangu ile ile niliyosifiwa. Na ndoo niliiondoa mimi.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wa maneno ya shemeji. "Unapoanzia ndipo wanapoanzia." Yapo, kwa mwandiko wangu, na majibu yangu chini yake. Mtu asiyejua kitu kuhusu bakteria, anayetembea polepole, alikuwa na muda wa kutazama. Mimi nilikuwa sina. Nimelia kama mtoto, muuguzi, sitaki kukuficha, na presha nadhani imeshuka badala ya kupanda.

Ukurasa ule unachanika kirahisi. Nimeushika. Daktari akitaka tarehe na mistari anaweza kupata kurasa nyingine zote, huo mmoja unaanza na maneno yake, hauna namba hata moja, una matusi yangu tu. Nimeushika mpaka jua likahama dirishani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempelekea daktari daftari zima. Alikuwa banda la tatu na Meneja. Kabla sijampa nikatoa kisu kwenye mfuko wa aproni nikakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mpangilio wangu uko humu," nikasema. "Siku kwa siku. Na kisu hakikuchovywa tangu tarehe saba Machi. Ndoo nilisema mimi ziondolewe."

Meneja akanishika kiwiko akanivuta pembeni. "Mama, unafanya nini? Jambo limeshakwisha. Mhusika keshaondoka."

"Mhusika hajaondoka, bosi. Unamshika kiwiko."

"Utapoteza kazi."

"Mwenzangu ameshaipoteza kwa niaba yangu. Na mimi nilisema ziondolewe, wewe ndiye uliyekubali. Unataka niseme na hilo, au utaandika barua nyingine?"

Sijawahi kumjibu hivyo mtu wa ofisi. Daktari alikuwa amesimama anasoma, anafunua, anarudi nyuma, kidole juu ya tarehe. Nilimwona alipofika ukurasa wenyewe kwa sababu alisoma mara mbili. Akaniuliza, "Huyu shemeji ni nani?"

"Mwagiliaji. Yule aliyeachishwa."

"Huyu aliiona njia mwezi mzima kabla yangu," akasema, na akamsomea Meneja kwa sauti.

Kisha akaniambia, "Mama, usijimalize. Mpogoaji yeyote angekosea hivyo, mbegu ilimpumbaza hata muuzaji wake. Lakini bila daftari hili ningebaki nabahatisha." Nilimshukuru. Haikunisaidia sana, ila nilimshukuru.

(Nimeandika haya kwenye karatasi ya saruji, daftari amebaki nalo daktari kulinakili. Nitaibandika. Dawa nimemeza.)

Jumamosi, 10 Mei

Karatasi ya saruji tena.

Shemeji alikuwa uani anashona kamba ya begi lake. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, jambo ambalo sijafanya tangu tuzike.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Uliniambia wanaugua njia ninayopita."

"Nilikwambia?"

"Tarehe tisa Aprili, Jumatano. Nimeandika."

Akafikiri, sindano imesimama hewani. "Labda nilisema. Mimi nilikuwa nasema tu. Wewe ndiye fundi." Kisha akauliza, "Na ulichonijibu umekiandika?"

"Nimekiandika."

"Kiseme."

Nikakisema chote, neno kwa neno, mpaka hapo pa kaka yake kumwokota. Nilikuwa natazama miguu yangu.

"Hapo pa kaka ndipo paliponiuma," akasema. "Hilo la maji nilijua si kweli, halikunifika."

Nikamwambia nilikwenda ofisini mwenyewe, sikuitwa. Hilo alikuwa halijui. Niliona linavyoingia. Akaweka begi chini akaenda kusimama kwenye koki, akaifungua, akaifunga.

Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Jumapili siendi kwanza. Tutaona." Nimelipokea hilo hilo.

Jumatatu, 12 Mei

Tumeng'oa banda la tatu. Miche yote, yenye matunda na isiyo na matunda, kwenye mifuko, mifuko kwenye shimo, moto juu yake. Udongo wake hautapandwa nyanya kwa miaka kadhaa. Mvua imekatika leo, siku tunayohitaji isinyeshe, ndiyo hisani pekee ya msimu huu.

Jumanne, 13 Mei

Banda la kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Banda la nne. Meneja hakutoka ofisini. Redio hakuwasha mdomo mpaka saa sita, ndipo akasema, "Dada, kaa kidogo, mimi nitabeba." Nikakaa. Akabeba mifuko yangu yote, polepole, na hakudondosha hata jani moja njiani. Mwaka mzima nimemcheka mtu huyu.

Jumatatu, 19 Mei

Daftari limerudi, na kurasa zote zimo. Uamuzi umetoka pia. Sitapogoa tena. Banda la pili, lililobaki peke yake, anaongoza Redio. Mimi nimewekwa mlangoni kwenye ndoo, kuhakikisha kila anayepita amechovya kisu na mikono na kuhesabu mpaka sitini. Jina la Fundi limekwisha, sasa naitwa Ndoo. Waliolibuni walidhani sijasikia.

Kisu changu nimekizika kwenye shimo la miche. Daktari alisema kingesafishika. Najua.

Alhamisi, 22 Mei

Barua ya pili imeandikwa. Inasema ile ya kwanza ilitolewa kimakosa. Haisemi makosa ya nani. Nimeipeleka mwenyewe uani, nikampa kwa mikono miwili. Akaisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfuko ule ule wa shati. Kona inachungulia.

Jumatatu, 26 Mei

Dawa nimemeza. Usingizi, saa tano bila kukatika.

Asubuhi nilikuwa mlangoni saa moja kasoro. Klorini inachubua vidole vile vile. Wamepita wafanyakazi, mmoja mmoja, nawahesabia kwa sauti, wengine wananichukia waziwazi na nawaelewa. Redio alihesabu mwenyewe mpaka themanini huku anahadithia.

Wa mwisho alikuwa shemeji. Siku yake ya kwanza. Alikuja na mwendo wake ule, mpira wa maji begani, akasimama mbele ya ndoo. Yeye hana kisu, hagusi mche, kanuni haimhusu sana. Nilikuwa nimeshamwachia njia apite.

Hakupita. Alikunja mikono ya shati, akazamisha viganja vyote viwili, akanitazama akingoja nianze. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Sikuruka hata namba moja na yeye hakutaka niruke. Nilipofika sitini akatoa mikono akaikung'uta.

"Na yako, shemeji?"

Nikamwambia mimi siingii ndani, nakaa mlangoni tu.

Akabaki amesimama. Watu wanangoja maji, koki zimefungwa, jua linapanda, na yeye amesimama na mpira wake begani hana haraka na dunia.

Nikachovya. Akaanza kuhesabu yeye, kwa mwendo wake.